Kung'arisha Meno: Chanzo cha Rangi Kijulikane Kabla ya Njia Kuchaguliwa

Harusi inapokaribia, au nafasi ya kazi katika mapokezi ya hoteli inapotangazwa, baadhi ya wakaazi wa Bwejuu na vijiji jirani vya Paje, Jambiani na Michamvi hutafuta njia ya kuyafanya meno yao kuwa meupe zaidi. Njia zinazotajwa ni nyingi: mkaa uliosagwa, ndimu, dawa za meno zilizoandikwa kuwa zinang'arisha, vibandiko vinavyoletwa na jamaa kutoka nje ya nchi, na huduma zinazotolewa kwa taa ya buluu. Baadhi ya njia hizo zinafaa, baadhi hazina faida yoyote, na baadhi huharibu jino kwa namna isiyoweza kurekebishwa.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua. Msingi wake ni mmoja: meno hupoteza weupe kwa sababu mbalimbali, na njia inayoondoa doa la aina moja haifui dafu mbele ya doa la aina nyingine. Kwa hiyo mtu asinunue chochote kabla ya kujua rangi ile imetoka wapi.

Rangi ya jino inatoka wapi

Sehemu ya nje ya jino huitwa enameli. Ni tabaka gumu kuliko mfupa, na hata pale lilipo nene kabisa, unene wake ni takriban milimita 2.5 tu. Chini yake kuna tabaka la dentini, ambalo kwa asili lina rangi ya manjano. Kwa kuwa enameli hupitisha mwanga, rangi ya dentini huonekana kwa nje. Ndiyo maana meno yenye afya huwa na umanjano kidogo, wala hayawi meupe kama karatasi.

Umri unapoongezeka, enameli hupungua kwa kutafunia na kusuguliwa, na dentini huongezeka. Meno ya mtu wa miaka 60 kwa hiyo huwa ya manjano zaidi kuliko ya kijana, hata kama ameyatunza vyema.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba enameli ikishalika haioti tena. Mfupa uliovunjika huunga na ngozi iliyokatika hupona, lakini enameli iliyosuguliwa ikaisha imekwisha. Njia yoyote inayong'arisha jino kwa kulikwangua hulipunguza, na kadiri enameli inavyopungua ndivyo dentini ya manjano inavyozidi kuonekana. Mwenye kutafuta weupe kwa njia hiyo huishia na meno ya manjano zaidi, tena yanayotiwa ganzi na maji ya baridi.

Madoa ya nje na madoa ya ndani

Madoa ya nje hukaa juu ya enameli. Huletwa na chai ya rangi, kahawa, sigara, ugoro na tambuu. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ikitumiwa kwa muda mrefu, na dawa za maji za kuongeza damu zenye madini ya chuma, nazo huacha weusi au ukahawia. Ukoga usiosafishwa hukauka ukawa mgumu kama chokaa, kisha ukashika rangi ya vitu hivyo vyote. Madoa haya huondoka kwa kusafishwa.

Madoa ya ndani yamo katika mwili wa jino lenyewe, na kusugua hakuyafikii. Mbali na umri, sababu zake kuu ni tatu.

Ya kwanza ni floraidi iliyozidi katika maji ya kunywa wakati meno ya mtoto yanapoumbika. Hali hii inajulikana sana Tanzania Bara, hususan katika sehemu za mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, ambako meno ya watu wengi yana mabaka ya kahawia tangu utotoni. Wapo wafanyakazi wa hoteli za pwani hii waliokulia huko, na mabaka yao si dalili ya uchafu.

Ya pili ni dawa ya tetrasaiklini. Ikimezwa na mjamzito katika miezi ya mwisho, au na mtoto aliye chini ya miaka 8, huweza kuyaachia meno ya mtoto rangi ya kijivu au kahawia maisha yake yote.

Ya tatu ni jino lililokufa. Jino moja linapobadilika kuwa jeusi au kijivu ilhali mengine hayana kitu, aghalabu lilipata kishindo, kama vile kuanguka au kugongwa na mpira, na mshipa wake wa ndani ukafa. Jino hilo huhitaji kutibiwa na daktari. Kulipaka dawa ya kung'arisha huku ndani limeoza ni kuchelewesha tiba.

Vivyo hivyo, doa jeusi lenye tundu si doa bali ni uozo. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Jino lililong'arishwa juu huku uozo ukiendelea chini huja kung'olewa likiwa jeupe.

Njia za nyumbani

Mswaki wa mti. Mswaki wa asili unaokatwa kutoka mti wa msuaki una historia ndefu katika mwambao huu, na ndio uliolipa jina burashi la kisasa. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mahali unapopatikana. Ukitafunwa ncha mpaka nyuzi zilainike, na ukapitishwa taratibu kwenye meno na pembezoni mwa ufizi, husaidia kuondoa ukoga na madoa mepesi. Haubadilishi rangi ya ndani, na ukisuguliwa kwa nguvu huumiza ufizi.

Mkaa. Mkaa uliosagwa, uwe wa jikoni au wa kwenye kopo la duka, huondoa baadhi ya madoa ya nje kwa sababu unakwaruza. Mwaka 2017 jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti kuhusu mkaa wa meno, na waandishi wake walihitimisha kuwa hakuna ushahidi wa kutosha wa usalama wake wala wa manufaa yake. Hukumu hiyohiyo inafaa kwa mchanga, majivu na chumvi ya mawe: vyote husafisha sufuria vizuri, lakini sufuria hununuliwa nyingine.

Ndimu. Hii ndiyo njia yenye madhara makubwa kuliko zote za nyumbani. Enameli huanza kuyeyuka ukali wa asidi unapofika kipimo cha pH cha takriban 5.5, na kadiri kipimo kinavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Maji ya ndimu yana kipimo cha karibu 2. Ule mng'ao unaoonekana baada ya kupaka ndimu ni uso wa jino uliokwisha kulika. Kwa sababu hiyohiyo, mtu aliyekula embe mbichi, ukwaju au achari asipige mswaki papo hapo. Asukutue kwa maji, kisha asubiri nusu saa.

Karafuu. Mafuta ya karafuu hutuliza maumivu ya jino kwa muda, na sifa hiyo inathibitika. Hata hivyo hayang'arishi meno, na yakipakwa mazito bila kuzimuliwa huunguza ufizi.

Dawa za meno zilizoandikwa kuwa zinang'arisha

Dawa hizi huwa na chembe ndogo za kusugua zinazoondoa madoa ya chai, kahawa na tumbaku. Baadhi hutiwa rangi ya buluu inayoufanya umanjano usionekane kwa saa chache. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kuifanya dentini iwe nyeupe kwa kusugua.

La kutazama kwenye kopo ni floraidi. Kwa mtu mzima, dawa ya meno ifaayo huwa na floraidi kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni. Kiasi hicho hulinda meno dhidi ya kuoza, nacho ni tofauti kabisa na floraidi nyingi ya kwenye maji iliyotajwa hapo juu. Wakulima wa mwani wa Bwejuu na Paje wanaweza kupendezwa kujua kwamba ute unaotolewa katika mwani ni miongoni mwa vitu vinavyotumika viwandani kuifanya dawa ya meno iwe nzito na ishikane. Ute huo hausafishi meno, lakini ndio unaofanya dawa isichuruzike kwenye mswaki.

Kusafishwa na daktari

Kwa mtu ambaye tatizo lake ni ukoga mgumu na madoa ya nje, kusafishwa meno na daktari ndiko kunakoleta tofauti kubwa. Daktari huukwangua ukoga kwa vyombo maalumu, kisha husugua meno yawe laini. Mara nyingi mtu akishasafishwa huona kuwa hahitaji tena kung'arishwa, kwa kuwa rangi yake ya asili ilikuwa imefunikwa tu. Faida ya pili ni kwamba daktari huona pia uozo, ufizi unaotoa damu, na dalili nyingine ambazo mwenyewe hakuzijua.

Jambo hili linawahusu zaidi wanaokula tambuu. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha tathmini iliyoiweka popoo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na kundi hilo linajumuisha hata tambuu isiyotiwa tumbaku. Anayekula tambuu akiona baka jeupe au jekundu lisilotoka, kidonda kisichopona kwa wiki mbili au zaidi, au kinywa kinachokaza kufunguka, asishughulike na weupe wa meno. Aende kuchunguzwa bila kuchelewa.

Kung'arisha kwa kemikali

Njia pekee inayobadilisha rangi ya ndani ya jino bila kulikwangua ni ya kemikali iitwayo haidrojeni peroksaidi, au kabamaidi peroksaidi inayoizalisha. Kabamaidi ya asilimia 10 hutoa takriban asilimia 3.5 ya haidrojeni peroksaidi. Kemikali hii hupenya enameli na kuvunjavunja chembe za rangi.

Hutumika kwa namna mbili. Katika ya kwanza, daktari hutengeneza ala laini ya plastiki kwa kipimo cha meno ya mtu, naye huivaa nyumbani usiku ikiwa na jeli hafifu, kwa kawaida kwa muda wa wiki mbili hivi. Anayefunga Ramadhani hupanga kuivaa baada ya kufuturu, au huahirisha hadi mwezi uishe. Katika namna ya pili, daktari hupaka jeli kali zaidi kliniki huku ufizi umekingwa. Taa inayomulikwa huvutia macho, lakini kazi kubwa hufanywa na jeli.

Njia hii nayo ina mipaka. Meno kutiwa ganzi na vitu vya baridi ni jambo la kawaida katika siku za mwanzo, na aghalabu hali hiyo hutoweka baada ya siku chache. Jeli ikigusa ufizi huunguza. Jino lililozibwa kwa kitu cheupe au lililovishwa kofia halibadiliki rangi, hivyo mtu huweza kubaki na meno ya rangi mbili. Mabaka ya floraidi na kijivu cha tetrasaiklini hupungua kwa shida. Matokeo nayo si ya kudumu: mnywaji wa kahawa na mvutaji sigara hurudi alikotoka mapema zaidi. Wajawazito na wanaonyonyesha hushauriwa kusubiri.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2011 lilizuia kuuzwa kwa watu wa kawaida bidhaa za meno zenye haidrojeni peroksaidi inayozidi asilimia 0.1. Zenye zaidi ya hapo hadi asilimia 6 hupitia kwa daktari wa meno, na hazitumiwi na walio chini ya miaka 18. Mkaazi anayeletewa vibandiko au jeli kutoka nje, au anayeagiza kwa mtandao, azingatie hilo. Kisichoandikwa kiasi cha kemikali yake kisitiwe kinywani. Kwa Zanzibar, dawa na vipodozi husimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na bidhaa yenye kutiliwa shaka ipelekwe huko.

Hatua za kufuata

1. Kuchunguzwa kinywa kwanza, ili ijulikane kama rangi ni ya nje, ya ndani, au ni ugonjwa.

2. Kutibiwa uozo na ufizi kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa kemikali ikiingia kwenye tundu huleta maumivu makali.

3. Kusafishwa ukoga, kisha kusubiri siku chache na kuitazama rangi upya.

4. Kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na kupunguza kilicholeta doa.

5. Kung'arisha kwa kemikali kukibaki kuwa ni haja, kufanywe chini ya daktari wa meno. Saluni si mahali pake.

Mkaazi wa Bwejuu anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu naye, ambako ataelekezwa mahali penye huduma ya kinywa na meno. Mjini, huduma hiyo ipo katika Hospitali ya Mnazi Mmoja. Kabla ya kulipa popote, mtu anayo haki ya kuuliza: Je, anayenihudumia ni daktari wa meno aliyesajiliwa? Rangi ya meno yangu imesababishwa na nini? Dawa itakayotumika ni ipi, na ya asilimia ngapi? Meno yaliyozibwa yatakuwaje? Gharama yote ni kiasi gani, na nikipata maumivu nirudi kwa nani?

Mtoa huduma asiyeweza kuyajibu maswali hayo asikabidhiwe kinywa cha mtu. Mwenye harusi naye aanze hatua hizi miezi miwili kabla, kwa sababu matibabu, kusafisha na kung'arisha havimaliziki salama katika wiki moja.