Haja Ndogo Inayouma: Jambo Ambalo Wanaume Tusilifiche



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za miche, majamvi na bei ya karafuu. Safari hii twataka kuzungumza habari za miili yetu sisi wanaume, na khasa maumivu yanayompata mtu anapokwenda haja ndogo. Twajua kuwa jambo hili lina haya. Lakini wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na tuanze kwa wenzetu wa Moshi. Wao ni wakulima kama sisi, ila zao lao ni kahawa, na chama chao kikuu, K.N.C.U., kiliandikishwa mwaka 1933. Katika mji wao iko Hospitali ya K.C.M.C., iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini. Hapo wako mabingwa wa maradhi ya njia ya mkojo, na madaktari hufunzwa kazi hiyo. Maradhi wanayoyatibu huko si mageni kwetu. Ni yale yale, na aghalabu yanafika yakiwa yamechelewa.

Basi maumivu haya yatoka wapi? Sababu ni nyingi, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni kisonono na ndugu yake klamidia, maradhi ya zinaa. Kijana huhisi mkojo unachoma kama pilipili, na huenda akaona usaha. Wengi hukimbilia dukani kununua vidonge viwili vitatu. Hilo ni kosa kubwa. Vijidudu vya kisonono vimekwisha zoea dawa nyingi zilizokuwa zikiviua zamani, na dawa nusu huvifundisha ukaidi. Tena haifai kutibiwa mume peke yake. Mke naye atibiwe, ama sivyo watarudishiana maradhi. Na ulimwengu una kinga: uaminifu, na mpira wa kiume kwa asiye na hakika.

Ya pili ni vijidudu vya kawaida vinavyoingia katika kibofu. Kwa wanawake jambo hili ni la mara kwa mara. Kwa mwanamume ni nadra zaidi, kwa hiyo likimpata yafaa daktari atafute kilicholileta: jiwe, kisukari, au njia iliyoziba. Mkojo upimwe kabla ya dawa kuanza, na dawa ikianza imalizwe yote, hata kama maumivu yamekwisha siku ya pili.

Ya tatu ni kichocho, na hapa sisi wa visiwani tusikilize zaidi. Mtu mwenye kichocho akikojoa katika mto au kidimbwi, mayai ya mdudu huanguliwa majini, huingia katika konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mwingine anayeoga au kufua hapo. Mdudu akikomaa hukaa katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Mayai yake huchoma kibofu, na mkojo huja na damu, khasa matone ya mwisho. Katika nchi nyingi watu walidhani mkojo wa damu kwa mvulana ni dalili ya kukua. Sivyo. Ukiachwa miaka mingi, kibofu hukauka na kuwa na makovu, mirija huziba, figo huharibika, na saratani ya kibofu yaweza kufuata.

Huko Moshi, mifereji ya juu mlimani ni ya maji baridi yaendayo mbio, na konokono hawayapendi. Kichocho kimejulikana zaidi kwenye tambarare za chini zenye mashamba ya kumwagiliwa. Katika miaka ya 1960 madaktari walikichunguza katika mashamba ya miwa ya Arusha Chini, ingawa kile kilikuwa kichocho cha tumbo. Kichocho cha mkojo ndicho chetu sisi, Unguja na Pemba. Tangu mwaka 2012 ilifanywa kampeni kubwa ya kugawa dawa ya prazikwanteli mashuleni na majumbani, kuua konokono na kufundisha watu, na maradhi yamepungua sana. Lakini hayajakwisha. Anayekataa dawa ya kampeni, au anayekojoa mtoni, anawarudisha wenziwe nyuma.

Ya nne ni tezi dume, ambayo humzunguka mwanamume njia ya mkojo chini ya kibofu. Kuanzia umri wa miaka 50 aghalabu huvimba. Mzee huamka mara tatu nne usiku, mkojo hutoka kwa kusitasita, na huhisi haujakwisha. Mara nyingi ni uvimbe usio wa hatari na una dawa. Lakini huenda ikawa saratani, ambayo mwanzoni haiumi kabisa. Kwa hiyo mzee asingoje maumivu. Na kama baba au kaka alipata saratani hiyo, amwone daktari mapema zaidi.

Ya tano yatuhusu sisi wachumaji kuliko wengine wote. Mtu akianguka kutoka juu ya mkarafuu akavunjika nyonga, njia ya mkojo yaweza kukatika. Kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa sababu kubwa za majeraha ya uti wa mgongo huko Kilimanjaro pia. Aliyeanguka asibebwe kwa mikono na miguu. Alazwe juu ya ubao. Akitokwa damu kwenye njia ya mkojo au akishindwa kukojoa, asiingizwe mpira kwa nguvu na mtu asiyejua. Jeraha hilo, kama kisonono kisichotibiwa, huacha kovu linaloibana njia miaka ya baadaye. Mabingwa hulitengeneza kwa upasuaji, pengine kwa kutumia ngozi laini ya ndani ya shavu.

Sasa, mambo ya kushika kila siku. Tunywe maji ya kutosha, khasa msimu wa kuchuma na kuanika, hata mkojo uwe mweupe kidogo. Mkojo wa rangi ya chai watuambia kuwa mwili una kiu, na mawe hupenda mwili wa namna hiyo. Pombe haihesabiwi kuwa maji. Tusizuie haja kwa saa nyingi kwa sababu tuko juu ya mti. Kila shamba liwe na choo.

Na haya yakitokea, tusingoje asubuhi: mkojo umefunga kabisa, homa ya kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavuni, au korodani ya kijana imeuma ghafula, kwani huenda imejipinda, na baada ya saa sita hivi huwa vigumu kuiokoa. Mkojo wa damu, hata mara moja na bila maumivu, umpeleke mtu kupimwa wiki hiyo hiyo.

Ndugu wanachama, mkarafuu ukianza kukauka ncha hatuufuniki kwa nguo. Twamwita bwana shamba. Basi tujifanyie sisi wenyewe yale tunayoifanyia miti yetu, na tuwaambie vijana wetu bila ya kuwaaibisha.