Chumba cha Nyongeza: Pa Kuanzia na Pa Kusimama

Familia hukua, lakini nyumba haikui pamoja nayo. Ukweli huo unafahamika vyema katika mitaa ya Bujumbura, tangu Buyenzi na Bwiza hadi Kamenge na Musaga. Katika Ngagara, mtaa uliojengwa miaka ya 1950 na OCAF, shirika la makazi la utawala wa Kibelgiji, wakazi wengi wameongeza vyumba uani kadiri watoto walivyoongezeka, au mzazi alipoletwa mjini kutoka mlimani.

Kwa askari wa jeshi na wa polisi, jambo hili lina uzito wa pekee. Mshahara wake huja kidogo kidogo, na kazi yaweza kumwita mbali wakati wowote. Tangu Desemba 2007, Burundi ilipoanza kupeleka wanajeshi Mogadishu, wengi wao walijenga kwa posho ya kazi hiyo, huku mke au ndugu akisimamia. Anayejenga kwa namna hiyo hukabiliwa na hatari moja kubwa: kurudi na kukuta kuta zimefika usawa wa madirisha, fedha zimekwisha, na mvua imekwisha kuanza kuzila.

Hatari hiyo si ya fedha peke yake. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua kubwa ilifurika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, ikiwemo Kamenge na Kinama. Watu zaidi ya 60 walipoteza maisha, na mamia ya nyumba yalibomoka. Nyingi kati ya nyumba hizo zilikuwa za matofali mabichi ya udongo. Ni dhahiri, basi, kwamba chumba cha bei nafuu hakina budi kuwa kwanza chumba kisichoanguka.

Unafuu wa kweli hupatikana katika mpango. Chumba cha meta 3 kwa 3 kinachojengwa peke yake uani kinahitaji ukuta wa meta 12. Kikiegemezwa kwenye nyumba, ukuta wa nne upo tayari, na zinabaki meta 9 tu. Robo nzima ya matofali imeokolewa. Lakini msingi mpya usichimbwe chini zaidi ya ule wa zamani, wala mtaro usifunuliwe wote kwa siku moja, kwa maana nyumba nzima yaweza kutikisika. Aidha, nyumba ya zamani imekwisha kutulia ardhini ilhali chumba kipya bado kitazama kidogo. Ndiyo sababu mafundi wenye busara huacha nafasi nyembamba kati ya kuta hizo mbili, wasije wakaona ufa.

Paa nalo lipimwe kabla ya msingi. Bati likiteremka sentimeta 15 kwa kila meta, katika meta 3 litakuwa limeshuka sentimeta 45. Ikiwa ukingo wa paa la zamani uko meta 2 na nusu kutoka chini, ukuta wa mwisho utabaki na meta 2 na sentimeta 5 tu, na chumba kitakuwa cha joto na cha kuinama. Vilevile, paa la meta 12 za mraba likinyeshewa milimeta 50 humwaga lita 600 za maji. Maji hayo yakielekezwa kwenye ukuta wa jirani, yataleta ugomvi. Yakiachwa kwenye msingi, yataleta maafa. Mfereji ni sehemu ya chumba, kama ulivyo mlango.

Linabaki suala la fedha. Mwenye kipato kidogo si lazima amalize kwa mwaka mmoja, ila ni lazima ajue pa kusimama. Msingi wa mawe uliofunikwa vizuri waweza kungoja. Ukuta wa udongo usioezekwa haungoji. Kwa hiyo, tofali la kwanza la ukuta lisiwekwe kabla mabati na mbao havijawa ndani ya ghala. Bati halichachi, ila saruji huganda ikikaa muda mrefu. Basi bati litangulie kununuliwa, saruji ifuate siku za kazi. Kuta na paa vipandishwe kwa pamoja wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Lipu, sakafu na rangi vyaweza kusubiri, watoto wakiwa wamekwisha kulala humo.

Aliye mbali atume fedha kwa hatua, baada ya hatua iliyotangulia kupimwa na mtu anayemwamini, na kibali cha ujenzi kipatikane kabla ya jembe kugusa ardhi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa anayeongeza chumba, ufa huo huzibwa kabla ya ukuta kuwapo.