Diski imejaa Rulenge: Hesabu ghala kabla ya kununua jingine

Na Mwandishi Wetu, Rulenge

WAKATI ununuzi wa maharage ukiwa umepamba moto katika mji mdogo wa Rulenge, wilayani Ngara, mfanyabiashara mmoja wa mazao alijikuta hawezi kuhifadhi hesabu za siku katika kompyuta yake aina ya Mac. Mashine ilimwarifu kuwa diski imejaa. Alikuwa ameshauliza bei ya kompyuta nyingine jijini Mwanza, na fedha za kuinunua zingetoka katika fungu lile lile la kununulia mzigo.

Yeye aliamini kwamba zilizojaza diski ni hesabu za mauzo ya miaka minne. Tulipokaa na kuhesabu, ilionekana kuwa hesabu hizo zote hazikufikia hata gigabaiti 1, na diski yake ni ya gigabaiti 128.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopata hasara. Ghala la nafaka likijaa, mwenye mali huingia ndani kwanza akahesabu magunia, ajue lipi ni lake, lipi la mtu na lipi limeoza. Diski ikijaa, tunakimbilia dukani.

Kuhesabu huko hakuhitaji fundi. Bonyeza alama ya tufaha iliyo pembeni juu ya skrini, ingia System Settings, kisha General, kisha Storage. Kwa mashine zenye mfumo wa kabla ya mwaka 2022, Storage iko ndani ya About This Mac. Utaona mstari wenye rangi, kila rangi ikiwa na mzigo wake. Subiri dakika chache, maana mashine huchukua muda kujumlisha, na wasio na subira huondoka na takwimu ambazo hazijakamilika.

Mstari huo huonyesha aina ya mzigo tu. Kumjua mwenye mzigo, fungua Finder, panga faili kwa orodha, nenda menyu ya View, halafu Show View Options, uweke alama kwenye Calculate all sizes. Ukibonyeza neno Size, folda kubwa hupanda juu. Iko pia folda iitwayo Library ambayo mfumo huificha. Shika kitufe cha Option huku umefungua menyu ya Go, nayo itajitokeza. Humo ndimo zinamokaa picha na video za WhatsApp, pamoja na nakala za akiba za simu ya iPhone, ambazo mtu huweza kuwa nazo hata za simu aliyokwisha kuiuza.

Kwa mfanyabiashara wetu, mzigo mkubwa ulikuwa video za harusi ya nduguye. Kwa makadirio ya Apple wenyewe, dakika 1 ya video ya 4K iliyopigwa kwa iPhone hula takribani megabaiti 170. Saa 1, basi, ni zaidi ya gigabaiti 10. Alikuwa nazo saa kadhaa.

Alizihamishia kwenye diski ya nje, akazifuta kwenye kompyuta, na nafasi haikuongezeka hata kidogo! Sababu ni kwamba faili iliyofutwa huhamia kwenye pipa la taka na kuendelea kukalia nafasi ile ile hadi pipa limwagwe. Picha zilizofutwa ndani ya programu ya Photos nazo hubaki hadi siku 30.

Tahadhari moja kwa wenye mikono myepesi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka 5. Faili za mauzo ni ndogo na kuzifuta hakukupi nafasi ya maana, ila siku ya ukaguzi utazitafuta. Wako wanaoshauri kila kitu kipelekwe iCloud. Apple hutoa gigabaiti 5 tu za bure, na kupandisha video kwa bando la simu ni gharama nyingine.

Kwa wanaofikiria kununua Mac zilizotumika, soko lina jambo la kuangaliwa. MacBook Air za kuanzia mwaka 2018 zina diski iliyochomelewa kwenye bodi, hivyo ukinunua ya gigabaiti 128 kwa sababu ni rahisi, hutaweza kuibadilisha baadaye. Angalia Storage kabla ya kutoa fedha, si baada ya kufika Rulenge.

Pipa lilipomwagwa, hesabu za siku zilihifadhiwa bila tatizo. Safari ya Mwanza ikaahirishwa, na mwenyewe akarudi kwenye mizani, ambako wakulima walikuwa wameanza kupanga foleni.