Mpango wa Mamlaka ya Maji na Bei Unayolipa

Udongo wa Uwanda wa Makonde ni wa kichanga. Maji ya mvua huupenya na kuzama mbali chini. Ndiyo sababu wakazi wa juu hutegemea maji ya mabondeni, kama bonde la Kitangari wilayani Newala, yanayopandishwa kwa pampu. Kila ndoo inayopanda hutumia nishati, na gharama hiyo imo katika bei ya maji.

Kwa hiyo, mpango wa muda mrefu wa mamlaka ya maji unamhusu kila mtumiaji. Humo huamuliwa pampu ipi ibadilishwe, bomba lipi chakavu liondolewe na kijiji kipi kifikiwe kwanza. Mamlaka inapoomba kubadili bei, EWURA huupima mpango huo pamoja na ombi lenyewe. Kabla ya kuamua, Sheria ya EWURA, Sura ya 414, inaitaka ifanye taftishi, yaani uchunguzi unaopokea maoni ya umma.

Katika taftishi, mtumiaji anaweza kuuliza:

• Maji kiasi gani hupotea kabla ya kufika kwenye dira za wateja?
• Ahadi zipi za mpango uliopita zimetimizwa?
• Kina cha maji kwenye chanzo hupimwa mara ngapi?
• Eneo letu litafikiwa mwaka gani?

Toa maoni kwa mdomo au kwa maandishi, nawe utake kila ahadi itajwe pamoja na mwaka wake. Ahadi isiyo na tarehe ni vigumu kuidai.