Mashimelo kwenye Friza: Zihifadhi Bila Hasara wala Hatari

Mashimelo, zile peremende laini kama sifongo zinazopendwa na watoto kwenye sherehe, huharibika haraka pakiti ikishafunguliwa. Penye hewa kavu hukauka na kuwa ngumu. Penye joto na unyevu hunata na kushikana kuwa donge moja. Friza inaweza kukuepusha na hasara hiyo.

Mashimelo hutengenezwa kwa sukari, sharubati ya glukosi na jelatini, kisha mchanganyiko huo huchapwa hadi ujae hewa. Kwa kuwa zina sukari nyingi na maji kidogo, hazigandi zikawa kama barafu. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri, zikiwa zimefungwa vizuri, hudumu kwa miezi kadhaa.

Wakazi wanashauriwa kufuata hatua hizi:

1. Gandisha zilizo nzuri pekee. Baridi huzuia viini kuongezeka lakini haiviui, na haiondoi ukungu.
2. Zitie kwenye mfuko au mkebe usiopitisha hewa. Ziweke mbali na samaki na nyama mbichi ili zisichukue harufu wala uchafu.
3. Andika tarehe, na uhifadhi kibandiko cha pakiti. Jelatini nyingi hutokana na nguruwe au ng'ombe, hivyo wanaozingatia chakula halali wanahitaji maelezo hayo.
4. Unapozitoa, usifungue mfuko mara moja. Subiri hadi baridi iishe, la sivyo umande utazilowesha na zitanata.

Stima ikipotea, usifungue friza. Friza iliyojaa huhifadhi baridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu takriban saa 24. Mashimelo zinaweza kustahimili kuyeyuka kwa baridi hiyo. Nyama na samaki haziwezi, kwa hiyo zikague kwanza.

Tahadhari kubwa ni kwa watoto. Mashimelo huziba koo kwa urahisi, na ikitoka moja kwa moja kwenye friza huwa ngumu zaidi. Usimpe mtoto aliye chini ya miaka 4. Wakubwa kidogo wakatie vipande vidogo, na wale wakiwa wameketi. Mtoto aliyezidi mwaka 1 akikabwa na asiweze kukohoa wala kulia, mwinamishe mbele, umpige mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kiganja, na mtu mwingine apige simu 999 au 112.

Kwa ushauri zaidi kuhusu usalama wa chakula, muone afisa wa afya ya umma katika wadi yako.