Donge Lisilo na Fundo

Solitoni ni donge la nishati linalodumisha umbo lake pale ambapo wimbi la kawaida lingetawanyika. Baadhi hudumu kwa sababu ya topolojia: uga umejisokota kama fundo kwenye kamba ambayo ncha zake hazifikiki, hivyo halifunguki bila kamba kukatwa. Nyingine hazina fundo lolote, na kwa hiyo hudhaniwa kuwa dhaifu, zikisubiri tu msukosuko mdogo zisambaratike. Dhana hiyo haizitendei haki. Uthabiti wa solitoni hizi ni wa kweli, ila una masharti, na masharti hayo yanahesabika.

Pingamizi zito zaidi lilitolewa na G. H. Derrick mwaka 1964. Alionyesha kwamba donge tuli la uga wa skala, katika anga ya vipimo vitatu, haliwezi kudumu: kadiri linavyosinyaa ndivyo nishati yake inavyopungua, basi litasinyaa hadi litoweke. Hesabu yake haina kasoro, lakini inahusu donge ambalo ndani yake hakuna kinachobadilika. Katika donge alilolieleza Sidney Coleman mwaka 1985, linaloitwa mpira wa Q, awamu ya uga huzunguka bila kukoma, na mzunguko huo hubeba chaji, yaani hiyo Q, ambayo kanuni za asili haziiruhusu ipotee. Ukilibana donge hilo, chaji ileile inabanwa katika nafasi ndogo, uga unalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na nishati ya mzunguko inapanda. Kwa hiyo lipo linalolivuta lisinyae na lipo linalolizuia, na pale yanapolingana ndipo donge linapopata ukubwa wake.

Je, haliwezi kupasuka likawa chembe huru? Tuseme chembe moja iliyo peke yake ina nishati ya 1 na chaji ya 1. Mpira wenye chaji 1000 na nishati 900 ungehitaji kuzaa chembe 1000, zenye nishati isiyopungua 1000. Hiyo 100 ya ziada haina pa kutoka. Hata kugawanyika kuwa mipira miwili hakuusaidii, maana uso huongezeka, na uso nao una gharama yake ya nishati.

Ni kweli kwamba chaji inaweza kupata njia nyingine ya kutoka. Mwaka 1986 Coleman na wenzake walionyesha kuwa fermioni nyepesi (chembe za jamii ya elektroni) zikiweza kuibeba, mpira huvuja. Hata hivyo, ndani yake nafasi za fermioni zimeshajaa, na kanuni ya Pauli, kwamba fermioni mbili hazikai katika hali moja, inazuia nyingine kuzaliwa humo, hivyo uvujaji hutokea usoni tu. Mpira wenye ujazo mara 1000 una uso mara 100 tu, kwa hiyo huishi takriban mara 10 zaidi.

Alexander Kusenko na Mikhail Shaposhnikov walipendekeza mwaka 1998 kwamba mipira ya aina hii huenda ni sehemu ya maada ya giza. Kituo cha Super-Kamiokande cha Japani kiliitafuta, hakikuiona. Hilo linagusa swali la kama ulimwengu ulizaa mipira hiyo, wala halitikisi hesabu ya uthabiti. Tena mwaka 2007 Yuriy Bunkov na Grigory Volovik walionyesha kwamba katika heli-3 iliyopozwa hadi kuwa kiowevu kisicho na mnato, magnoni, yaani chembechembe za mawimbi ya usumaku, hujikusanya zikawa donge linalofuata hesabu ileile. Idadi ya magnoni huhifadhika kwa kukaribia tu, na donge hilo huishi kwa muda ambao idadi hiyo inaendelea kuhifadhika.