Goma: Wanaotafuta nguvu kwa mbio, na wanaoimaliza kwenye njia ya maji

GOMA – Siku ya Mungu, saa kumi na moja na nusu ya asubuhi, barabara ya kutoka Katindo kwenda Himbi tayari ina kelele. Vijana wanapita kwa mistari mirefu, wawili wawili, wakiimba na kupiga makofi. Mbele anakimbia kiongozi mwenye filimbi. Pembeni ya barabara hiyo hiyo wamama na wasichana wanapanda kutoka ziwani, bidoni la lita 20 mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, macho yanatazama chini.

Makundi haya mawili yanapishana kila wiki bila kusalimiana sana. Mimi nilikuwa katika lile la kwanza.

Niliingia kwa sababu ya usingizi. Kazi yangu ni ya kukaa: simu, kompyuta, tena simu. Baada ya mapigano ya mwezi wa kwanza mwaka 2025, wakati mji ulipochukuliwa na M23 na benki zikafunga milango, nilikuwa ninaamka saa nane za usiku na kuhesabu madeni mpaka jogoo awike. Rafiki mmoja akanivuta kwenye mbio. Wiki ya kwanza nilitapika karibu na ziwa. Wiki ya tatu nililala usiku mzima, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau.

Si miguu peke yake iliyonisaidia. Katika kundi letu wageni wanawekwa mbele ili wao ndio wapange mwendo, na hakuna anayeachwa nyuma. Tukifika kando ya maji tunanyoosha viungo, kisha watu wanabaki wamesimama, wanaongea. Nani amepoteza kazi, nani amefiwa, nani anatafuta minerval ya watoto. Kusema ukweli, ninafikiri nusu ya watu wanakuja kwa ajili ya mazungumzo hayo, na mbio ni kisingizio tu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mazoezi ya mwili yanapunguza dalili za wasiwasi na huzuni nzito. Kwa mtu mzima linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kadiri, kama vile kutembea haraka.

Yote yalikuwa mazuri hadi asubuhi moja niliporudi nyumbani nimeloa jasho. Nikachukua bidoni lililokuwa mlangoni, nikaoga, nikalimaliza. Nilipotoka, dada yangu mdogo alikuwa amesimama pale na bidoni tupu mkononi. Alikuwa ameshaenda ziwani mara mbili tangu saa kumi na moja. Hakusema kitu. Alifunga tena mkanda wake na kurudi njiani.

Mama jirani, ambaye alikuwa anaosha sahani, ndiye aliyesema. Alitazama viatu vyangu na kuniuliza: “Papa, ulinunua viatu hivi ili uende ukachoke?”

Wakaaji wa Goma wanajua hali hii. Mji uko kando ya Ziwa Kivu, lakini kuna mitaa ambamo robine inakaa siku nyingi bila tone. Mwenye franga ananunua maji kwa watu wa chukudu au wa pikipiki. Asiye nazo anatuma watoto, na mara nyingi watoto hao ni wasichana. Huko ziwani maji yanatakiwa kutiwa klorini kwenye vituo vya kando kabla ya kubebwa, kwa sababu ya kipindupindu, na hapo kuna mstari mwingine wa kungojea.

Nilikaa na dada yangu tukafanya hesabu. Safari moja, kwenda na kurudi, inamchukua kama dakika 40, bila kuhesabu mstari. Safari mbili kwa siku, siku saba, ni dakika 560. Hiyo ni karibu mara mbili ya kiwango cha juu cha OMS, na nusu ya muda huo ana kilo 20 mgongoni. Kwa karatasi, dada yangu angekuwa na afya kuliko vijana wote wa filimbi. Lakini yeye ndiye anayelala kwenye kiti saa moja ya jioni, sahani ikiwa bado mkononi.

Wanaume wengi niliowaambia hesabu hii walijibu jambo moja: basi hiyo ni spoti tosha, wanawake wetu wana nguvu. Jibu hilo linapendeza, hasa kwa yule asiyebeba. Mwaka 2018 mtafiti Andreas Holtermann wa Denmark na wenzake waliandika juu ya jambo linaloshangaza: mazoezi ya wakati wa mapumziko yanalinda moyo, lakini kazi nzito ya mikono haileti faida ile ile. Maelezo yao si magumu. Anayekimbia anasukuma moyo kwa muda mfupi, kisha anapumzika. Anayebeba mizigo anausukuma kwa saa nyingi, siku kwa siku, bila nafasi ya mwili kujitengeneza. Kuinua na kushikilia kitu kizito kunapandisha msukumo wa damu. Na si yeye anayechagua mwendo wala wakati wa kusimama. Watafiti hao hawakuwa wanawatazama wasichana wa Katindo, lakini yeyote aliyebeba bidoni kwenye mlima anayaelewa maneno yao bila mwalimu.

Kwa hiyo shauri moja haliwezi kutosha watu wote. Anayekaa ofisini anahitaji kutembea. Anayebeba anahitaji kula kabla ya kutoka, kunywa maji, na zaidi ya yote, siku ambayo mtu mwingine anabeba.

Kwenye chakula ndiko nilikojifunza zaidi. Dada yangu alikuwa anatoka tumbo tupu. Akirudi anakunywa chai yenye sukari nyingi na mandazi. Sukari inampandisha haraka, na baada ya saa mbili anaanguka tena. Tulianza kumwekea maharagi au viazi vilivyobaki jioni, ale kidogo kabla ya safari ya kwanza.

Kuna jambo la chai pia. Maharagi, lengalenga na sambaza vina madini ya chuma ambayo mwili unatumia kutengeneza damu. Lakini chai ya majani au kahawa ikinywewa pamoja na chakula inazuia sehemu ya chuma hicho kuingia mwilini. Afadhali kungoja kama saa moja. Limau, chungwa au marakuja vinafanya kinyume, vinasaidia chuma kiingie. Wanawake wanapoteza damu kila mwezi, na malaria inaharibu damu. Ndiyo maana uchovu usioisha, unaokuja na kizunguzungu, mapigo ya haraka ya moyo na kukatika pumzi kwenye kilima kidogo, si wa kutibu kwa vidonge vya kuongeza nguvu vinavyouzwa barabarani. Ni wa kupeleka kituo cha afya, wapime damu. Dada yangu alienda. Damu yake ilikuwa chini, na dawa ya chuma aliipata kwa agizo la munganga.

Usingizi ndio uliobaki mgumu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na msichana bado anayekua anahitaji kuzidi hapo. Nani atazipata ikiwa maji lazima yachotwe kabla ya jua kutokea upande wa Gisenyi?

Nyumbani kwetu tuliamua hivi: siku tatu kwa wiki, kati yao siku ya Mungu, maji ni kazi yangu na ya kaka yangu. Sikuacha mbio. Ninakimbia na kundi mpaka ziwani, kaka yangu ananikuta pale na bidoni nne kwenye chukudu ya kuazima, tunapandisha pamoja. Juma la kwanza wenzangu walicheka. Juma la tatu wawili kati yao walikuja na bidoni zao. Wengine bado wanacheka.

Siku ya Mungu iliyopita tulifika nyumbani saa moja. Mama jirani alikuwa nje na sahani zake, akatuonyesha kwa kidole tushushe sauti. Dada yangu alikuwa bado analala.